Chipukizi wa Tampa Bay: Jinsi mashabiki wa besiboli hupima kikosi kabla ya msimu

MASHABIKI wa besiboli nchini Marekani hawangoji mpira wa kwanza urushwe ndipo waanze kubishana. Wachezaji huwasili katika kambi za mazoezi za Florida na Arizona katikati ya Februari, na msimu hufunguliwa mwishoni mwa Machi. Katika majuma hayo sita, mjadala huwa ni mmoja: nani atatiwa kikosini, nani atarudishwa katika ligi ndogo, na ni chipukizi yupi aliyeiva kuvaa jezi ya timu kubwa.

Kwa timu tajiri kama vile New York Yankees, mjadala huo ni wa kujiburudisha, kwa kuwa pengo lolote laweza kuzibwa kwa fedha. Kwa timu zisizo na uwezo mkubwa, chipukizi ndio tegemeo la pekee, na kosa moja katika kuwachagua au kuwalea huweza kuigharimu timu miaka kumi.

Hakuna mfano unaolidhihirisha jambo hili kuliko Tampa Bay Rays ya mwaka wa 2008. Timu hiyo ya jiji la St. Petersburg, Florida, iliingia kambini ikiwa kichekesho cha ligi, na kufikia Oktoba ilikuwa ikiwania ubingwa wa dunia. Yaliyojadiliwa na mashabiki wake Machi hiyo, na yaliyotimia baadaye, ni darasa tosha kwa yeyote anayetaka kuuelewa mchezo huu.

Kikosi huundwaje?

Kila timu ya Ligi Kuu ya Besiboli huwa na orodha mbili muhimu. Ya kwanza ni ya wachezaji 40 ambao timu imewasajili rasmi na ambao timu nyingine haziwezi kuwanyakua. Ya pili, inayotokana na hiyo ya kwanza, ni ya wale wanaoruhusiwa kucheza siku hadi siku. Mnamo 2008 orodha hii ya pili ilikuwa na wachezaji 25. Tangu 2020 imekuwa na wachezaji 26.

Wanaosalia nje hupelekwa katika ligi ndogo, ambazo zimepangwa kwa madaraja. Daraja la juu kabisa ni AAA, likifuatwa na AA, kisha A, na chini yake timu za wanaoanza. Rays wana timu ya AAA katika mji wa Durham, North Carolina, iitwayo Durham Bulls, na ya AA katika mji wa Montgomery, Alabama. Wamarekani huuita mfumo huu wote shamba, kwa sababu ndimo miche inamopandwa na kunyunyiziwa maji hadi ikomae.

Jambo linalowatatiza mashabiki wengi wageni ni kwamba si kila mchezaji anaweza kupandishwa na kushushwa ovyo. Kwa kawaida, timu huruhusiwa kumrudisha mchezaji wa orodha ya 40 katika ligi ndogo kwa misimu mitatu pekee. Misimu hiyo ikiisha, sharti mchezaji abaki katika timu kubwa au atolewe hadharani ili timu nyingine zipate nafasi ya kumchukua. Ndiyo maana Machi mashabiki wanapouliza kwa nini mchezaji dhaifu amebakizwa huku aliye bora akipelekwa Durham, jibu mara nyingi halihusu ubora hata kidogo. Yule dhaifu amemaliza misimu yake mitatu, na kumshusha ni sawa na kumgawa bure.

Drafti: Wa mwisho huwa wa kwanza

Mashabiki wa soka wamezoea kuona klabu zenye fedha zikinunua chipukizi popote duniani. Besiboli ya Marekani hufuata njia nyingine. Kila mwaka hufanywa drafti, yaani utaratibu wa kugawana vijana wanaotoka shule za upili na vyuo vikuu vya Marekani, Canada na Puerto Rico. Vijana wa mataifa kama Jamhuri ya Dominika na Venezuela hawamo katika drafti. Wao husajiliwa moja kwa moja wakiwa na umri wa miaka 16 au zaidi.

Kwa miaka mingi, timu iliyofanya vibaya zaidi msimu uliotangulia ndiyo iliyopewa fursa ya kuchagua mwanzo. Hivyo basi, kushindwa kulikuwa na zawadi yake. Timu iliyoburura mkia ilimpata kijana aliyedhaniwa kuwa bora nchini, na ikiburura tena mwaka uliofuata ilipata mwingine.

Tampa Bay ilikuwa na uzoefu mkubwa wa zawadi hiyo. Ilimchagua Josh Hamilton akiwa wa kwanza kabisa mwaka wa 1999, B.J. Upton akiwa wa pili mnamo 2002, Delmon Young akiwa wa kwanza 2003, Evan Longoria akiwa wa tatu 2006, na David Price akiwa wa kwanza 2007. Orodha hiyo inavutia machoni, lakini pia ni ushahidi wa miaka mingi ya kuaibishwa uwanjani.

Miaka kumi ya vichapo

Timu hiyo ilianza kushiriki Ligi Kuu mwaka wa 1998 ikiitwa Tampa Bay Devil Rays. Katika misimu yake 10 ya kwanza haikuwahi kupoteza chini ya mechi 91 kati ya 162 zinazochezwa kwa msimu. Mwaka wa 2002 ilipoteza 106. Ilivuta mkia katika kitengo chake cha mashariki kila mwaka isipokuwa 2004, iliposhinda mechi 70 na kumaliza ya nne.

Kitengo chenyewe kilikuwa kigumu. Humo mlikuwa na Yankees na Boston Red Sox, timu mbili zenye mifuko mizito kuliko karibu zote nyingine. Isitoshe, Tampa Bay ilicheza katika uwanja wa Tropicana Field, jumba lenye paa lililofunguliwa mwaka wa 1990, ambamo viti vitupu vilikuwa mandhari ya kawaida. Yankees au Red Sox walipozuru, mashabiki wa wageni ndio waliosikika.

Mabadiliko yalianza msimu wa 2005 ulipokwisha. Stuart Sternberg, mfanyabiashara aliyetajirikia katika soko la fedha la New York, alichukua usukani kutoka kwa mmiliki wa kwanza, Vince Naimoli. Aliwakabidhi kazi vijana wawili waliotoka vilevile katika ulimwengu wa benki, Matthew Silverman na Andrew Friedman. Joe Maddon, aliyekuwa msaidizi kwa miaka mingi katika timu ya Angels, aliteuliwa kuwa kocha mkuu.

Matokeo hayakuonekana mara moja. Mnamo 2006 timu ilipoteza mechi 101, na 2007 ikapoteza 96, idadi kubwa kuliko timu nyingine yoyote mwaka huo. Novemba 2007 viongozi waliondoa neno ‘Devil’ katika jina, wakabadilisha rangi za jezi na kuiita timu Rays, yaani miale ya jua. Wapo mashabiki waliocheka. Walidai kwamba kubadilisha jina la mbuzi hakumfanyi simba.

Majina yaliyokuwa vinywani

Hata hivyo, waliofuatilia ligi ndogo kwa makini walikuwa na sababu ya kutabasamu. Jarida la Baseball America, ambalo kila mwaka hupanga vipaji vya ligi ndogo, liliweka shamba la Tampa Bay katika nafasi ya kwanza mwanzoni mwa 2008. Katika orodha yake ya chipukizi 100 bora, Longoria alikuwa wa pili nyuma ya Jay Bruce wa Cincinnati Reds. Price na warushaji wenzake Jake McGee na Wade Davis walikuwa miongoni mwa 20 wa kwanza.

Katika kikosi chenyewe, umri ulikuwa jambo la kutia moyo. Scott Kazmir, mrushaji wa mkono wa kushoto aliyeongoza Ligi ya Amerika mnamo 2007 kwa kuwaondoa wapigaji 239 bila wao kuugusa mpira ipasavyo, alikuwa na miaka 24. Tampa Bay ilikuwa imempata kutoka New York Mets mwaka wa 2004 katika mabadilishano ambayo mashabiki wa Mets waliyajutia kwa miaka mingi. James Shields, aliyechaguliwa katika duru ya 16 ya drafti ya 2000 bila mtu kumtilia maanani, alikuwa na miaka 26. Upton alikuwa na 23. Carl Crawford, mwepesi wa mbio kama swara, alikuwa na 26.

Aliyeonekana mzee miongoni mwao alikuwa Carlos Peña, mlinzi wa kituo cha kwanza, mwenye miaka 29. Alikuwa amepitia timu kadhaa na kukataliwa, akaingia kambini mwaka wa 2007 kwa mkataba wa ligi ndogo, kisha akapiga homurani 46, yaani mipira iliyovuka ukuta wa uwanja. Januari 2008 alipewa mkataba wa miaka mitatu wa zaidi ya dola milioni 24.

Mjadala uliowagawanya mashabiki zaidi ya mwingine ulihusu mabadilishano ya Novemba 2007. Tampa Bay ilimtoa Delmon Young, ambaye alikuwa ameshika nafasi ya pili katika kura ya Mwanagenzi Bora wa Mwaka, na kumpeleka Minnesota Twins. Ilipata mrushaji Matt Garza na mlinzi Jason Bartlett, ambaye husimama kati ya kituo cha pili na cha tatu. Kila upande ulihusisha pia wachezaji wasio na majina makubwa.

Waliopinga walikuwa na hoja. Young alikuwa na miaka 22 na gongo lake lilikuwa limeleta mikimbio 93 katika msimu wake wa kwanza kamili. Timu gani yenye akili humwachilia kijana kama huyo ili kumpata mlinzi asiyejulikana kwa kupiga? Waliounga mkono walijibu kwamba timu ilikuwa na wapigaji wa kutosha. Ilichokosa ni watu wa kuuzuia mpira.

Siku 172 za Longoria

Mjadala wa pili ulimhusu Evan Longoria, na ulikuwa na uzito zaidi kwa kuwa uligusa haki ya mfanyakazi.

Longoria hakuwa mtoto wa kubembelezwa na besiboli. Alipomaliza shule ya upili huko California hakuna timu wala chuo kikuu kikubwa kilichomtaka. Alianzia katika chuo cha kijamii cha Rio Hondo, akahamia Long Beach State, na ndipo Tampa Bay ikamchagua mnamo 2006. Kufikia Machi 2008 alikuwa na miaka 22, na kila aliyemwona kambini alikiri kwamba ndiye mlinzi bora wa kituo cha tatu ambaye timu ilikuwa naye. Timu yenyewe ilikuwa imeshamhamisha Mjapani Akinori Iwamura kutoka kituo cha tatu hadi cha pili ili kumwachia nafasi.

Pamoja na hayo, mwishoni mwa Machi Longoria alipelekwa Durham.

Ili kuelewa sababu, ni lazima kuelewa jinsi wachezaji wanavyolipwa. Katika miaka mitatu ya kwanza, isipokuwa wachache, mchezaji hulipwa kiasi ambacho timu inaamua, aghalabu karibu na mshahara wa chini kabisa. Mwaka wa 2008 mshahara huo ulikuwa dola 390,000. Miaka mitatu inayofuata, mchezaji anaweza kupeleka dai lake kwa wasuluhishi. Akitimiza miaka sita anakuwa huru kujiunga na timu yoyote itakayomlipa zaidi.

Lakini mwaka wa utumishi hauhesabiwi kama mwaka wa kalenda. Msimu huwa na takribani siku 183 au zaidi, na mchezaji huhesabiwa mwaka mzima akiwa kikosini kwa siku 172. Akikosa siku kumi na kitu za mwanzo, mwaka huo hautimii. Matokeo yake ni kwamba timu hummiliki kwa msimu wa saba. Kwa maneno mengine, kwa kumnyima kijana majuma mawili ya Aprili akiwa na miaka 22, timu hujinunulia mwaka mzima wa nguvu zake akiwa na miaka 28.

Mashabiki waligawanyika. Kuna waliosema kwamba timu isiyo na fedha haina budi kutumia kila mwanya wa sheria, la sivyo itabaki kuwalea vijana kwa ajili ya Yankees. Wengine waliona ni dhuluma kumwambia mchezaji kuwa hajaiva ilhali kila mtu anajua ameiva. Kadhalika waliuliza, kama timu inataka kuaminika baada ya miaka kumi ya vichapo, inawezaje kufungua msimu ikiwa imemficha mchezaji wake bora?

Longoria aliitwa Aprili 12, 2008, baada ya Willy Aybar, aliyekuwa akicheza kituo cha tatu, kuumia. Siku sita baadaye alitia saini mkataba wa miaka sita wa dola milioni 17.5, ambao timu ingeweza kuurefusha hadi miaka tisa kwa jumla ya takribani dola milioni 44. Kwa kijana aliyekuwa amecheza siku chache tu, hizo zilikuwa fedha za kumtoa yeye na jamaa zake katika hofu ya jeraha. Kwa timu, ulikuwa mmoja wa mikataba iliyokuwa na faida kubwa kabisa katika historia ya mchezo huo. Pande zote mbili zilipata zilichotaka, ingawa hazikupata kwa kipimo sawa.

Hesabu za mikimbio

Kocha Maddon aliingia kambini na kaulimbiu ya ajabu: 9=8. Maana yake ilikuwa kwamba wachezaji tisa wakijituma kwa awamu zote tisa, kila siku, Tampa Bay ingekuwa miongoni mwa timu nane za mchujo. Wengi waliichukulia kama mzaha. Hata hivyo, watabiri waliotumia tarakimu, wakiongozwa na mfumo wa PECOTA uliobuniwa na Nate Silver, walikadiria kuwa timu ingeshinda karibu mechi 90. Utabiri huo ulidhihakiwa kote.

Waliodhihaki hawakuwa wamepiga hesabu ifuatayo. Mtafiti wa besiboli Bill James alionyesha kuwa idadi ya mikimbio ambayo timu inafunga, ikilinganishwa na ile inayofungwa, hutabiri ushindi wake kwa ukaribu mkubwa. Chukua mikimbio iliyofungwa uizidishe kwa yenyewe. Fanya hivyo pia kwa iliyoruhusiwa. Kisha gawanya ile ya kwanza kwa jumla ya zote mbili.

Mwaka wa 2007 Tampa Bay ilifunga mikimbio 782 na kuruhusu 944. Kanuni hiyo inatoa ushindi wa mechi 66, na kweli timu ilishinda 66. Tatizo, basi, halikuwa kupiga. Mikimbio 782 ni mingi. Tatizo lilikuwa ile 944, iliyotokana na warushaji wa akiba walio dhaifu na walinzi ambao mipira iliwapita kama maji katika pakacha.

Kwa kumleta Bartlett, kumpeleka Upton katikati ya eneo la nje, kumleta Longoria kwenye kituo cha tatu na kumwajiri mkongwe Troy Percival afunge michezo, timu ilikuwa inaziba pakacha. Mwaka wa 2008 ilifunga mikimbio 774, pungufu kwa minane. Lakini iliruhusu 671 tu, pungufu kwa 273. Mashabiki waliokuwa wamelia kwa kuondokewa na gongo la Young walikuwa wakitazama upande usiokuwa na kasoro.

Yaliyotokea

Dalili za kwanza zilionekana kambini. Machi 8, 2008, Elliot Johnson wa Rays alimgonga mdakaji wa Yankees, Francisco Cervelli, akikimbilia kituo cha nyumbani, na Cervelli akavunjika mkono. Siku nne baadaye Shelley Duncan wa Yankees alimtelezea Iwamura huku ameinua viatu vyenye vyuma. Jonny Gomes wa Rays alichomoka mbio kutoka eneo la nje na kumvamia Duncan, na timu zote mbili zikamiminika uwanjani. Ulikuwa mchezo wa kirafiki usio na alama, lakini ujumbe ulifika kwamba timu iliyozoea kuonewa ilikuwa imechoka.

Rays walishinda mechi 97 na kutwaa uongozi wa kitengo cha mashariki mbele ya Boston waliokuwa mabingwa watetezi. Warushaji watano wa kuanza, yaani Kazmir, Shields, Garza, Edwin Jackson na Andy Sonnanstine, wote walikuwa na umri wa chini ya miaka 27 msimu ulipofunguliwa. Longoria alipiga homurani 27 na kutawazwa Mwanagenzi Bora wa Ligi ya Amerika bila kura hata moja kumpinga. Maddon alipewa tuzo ya Kocha Bora.

Katika mchujo waliwaondoa Chicago White Sox, kisha wakapambana na Boston kwa mechi saba. Mechi ya saba, iliyochezwa Oktoba 19, 2008, ilianzishwa na Garza na kumalizwa na David Price, ambaye mwaka mmoja na nusu awali alikuwa bado mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Rays walishinda 3-1. Hatimaye walishindwa na Philadelphia Phillies mechi nne kwa moja katika fainali ya ubingwa.

Mishahara ya kikosi hicho mwanzoni mwa msimu ilikuwa takribani dola milioni 44. Ile ya Yankees, ambao hawakufika hata kwenye mchujo, ilikuwa takribani milioni 209.

Ambao hawakuchipua

Itakuwa makosa, hata hivyo, kudhani kwamba kila mche hutoa tunda. Ufanisi wa 2008 ulisimama juu ya makaburi ya matumaini mengi.

Hamilton, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka wa 1999, alitumbukia katika dawa za kulevya na kufungiwa kucheza. Tampa Bay ilipokosa kumlinda katika orodha yake ya wachezaji 40 Desemba 2006, alinyakuliwa, na mnamo 2010 akawa Mchezaji Bora wa Ligi ya Amerika akiwa na Texas Rangers. Dewon Brazelton, wa tatu katika drafti ya 2001, aliachana na Ligi Kuu akiwa ameshinda michezo minane na kupoteza 25. Rocco Baldelli, aliyelinganishwa na magwiji alipokuwa na miaka 21, alitangaza Machi 2008 kwamba ugonjwa wa misuli ulikuwa ukimmaliza nguvu. Alirudi Agosti na kusaidia kadiri alivyoweza, lakini hakuwahi kuwa yule wa zamani.

Miezi michache kabla ya fainali hiyo, Juni 2008, Rays walimchagua Tim Beckham akiwa wa kwanza katika drafti. Aliyechukuliwa wa tano na San Francisco Giants alikuwa Buster Posey, ambaye baadaye alishinda ubingwa mara tatu. Hata wale wanaosifiwa kwa busara hukosea.

Vijana wengi wanaotajwa na mashabiki kila Machi hawafiki Ligi Kuu kamwe. Kwa miaka mingi walilipwa ujira mdogo wakisubiri. Hadi 2022, mshahara wa chini wa mwaka katika daraja la AAA ulikuwa dola 17,500, na katika daraja la A dola 11,000. Mwaka huo wachezaji wa ligi ndogo walijiunga na chama cha wafanyakazi, na mkataba wao wa kwanza wa pamoja, wa 2023, ulipandisha viwango hivyo hadi dola 35,800 na 26,200.

Sheria zilizobadilika

Mbinu iliyotumiwa kwa Longoria ilifikia kilele mwaka wa 2015, Chicago Cubs walipomweka Kris Bryant katika ligi ndogo hadi Aprili 17. Msimu ulipokwisha alikuwa na siku 171, pungufu kwa siku moja. Alilalamika rasmi, lakini mwanzoni mwa 2020 msuluhishi aliamua kwamba Cubs hawakuvunja mkataba.

Malalamiko hayo yalichangia mageuzi katika mkataba mpya wa 2022 baina ya wamiliki na wachezaji. Sasa mwanagenzi anayemaliza wa kwanza au wa pili katika kura ya Mwanagenzi Bora huhesabiwa mwaka mzima hata akiitwa kwa kuchelewa. Timu inayomwanzisha chipukizi wa hali ya juu tangu siku ya kwanza yaweza kuzawadiwa nafasi ya ziada katika drafti. Aidha, nafasi ya kwanza ya drafti haipewi tena timu ya mwisho moja kwa moja. Tangu drafti ya 2023 huamuliwa kwa bahati nasibu, ili kupunguza tamaa ya kushindwa makusudi. Drafti yenyewe, iliyokuwa na duru 50 mnamo 2008, imepunguzwa hadi 20.

Barani Afrika pia mlango umeanza kufunguka. Vijana wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kushiriki mashindano ya dunia ya watoto ya Little League huko Williamsport, Pennsylvania, mwaka wa 2012. Timu nyingine ya Uganda ilikuwa imefuzu mwaka uliotangulia lakini ikakosa viza. Aprili 26, 2017, Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa Mwafrika wa kwanza kulelewa barani na kucheza Ligi Kuu, akiichezea Pittsburgh Pirates.

Maswali ya kuuliza kila Machi

Kutokana na kisa cha Tampa Bay, mtu anayetaka kupima kikosi kabla ya msimu anaweza kuuliza maswali machache. Je, timu iliruhusu mikimbio mingapi mwaka uliopita, na nani ameletwa kuipunguza? Wachezaji wake muhimu wana umri gani, na wamebakiwa na miaka mingapi kabla ya kuwa huru? Nani amemaliza misimu yake ya kushushwa? Na chipukizi anayesifiwa amecheza daraja gani, kwa muda gani, dhidi ya watu wa umri gani?

Matokeo ya mechi za mazoezi yenyewe si ya kutegemewa, kwa maana warushaji hujaribu mitindo mipya na nusu ya wachezaji ni wa kupita.

Rays wenyewe hawajaacha njia hiyo. Walifika fainali tena mwaka wa 2020 na kushindwa na Los Angeles Dodgers, timu ambayo wakati huo ilisimamiwa na Andrew Friedman yule yule, akiwa sasa na fedha za kutosha. Paa la Tropicana Field liliraruliwa na kimbunga Milton mnamo Oktoba 2024, na msimu wa 2025 ukachezwa katika uwanja wa mazoezi wa Yankees jijini Tampa. Hadi mwisho wa msimu huo hawakuwa wamewahi kutwaa ubingwa wa dunia, na kila Februari mashabiki wao huanza upya kutaja majina ya vijana walioko Durham na Montgomery.